Mzee Moise na Jina Alilozikwa Nalo Binti Yake

Baba mkwe wangu, Mzee Moise Sewap, hakuwahi kunisemesha hata siku moja. Niliolewa na mwanawe Alphonse mwaka 1968, tukajenga nyumba yetu hatua sitini kutoka kwake, kando ya Ziwa la Mawe Mawili, kaskazini kabisa mwa Saskatchewan. Kwa miaka arobaini tuliishi ua mmoja bila kutazamana usoni wala kuambizana neno. Walimu wageni waliokuja kufundisha hapa walidhani tumekosana. Hatukukosana. Kwetu sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hii, mkaza mwana na baba mkwe hawazungumzi, na kadiri wanavyoheshimiana ndivyo wanavyozidi kunyamaza. Kwa kipimo hicho, nadhani hakuna mtu aliyeniheshimu kama yeye.

Alikuwa mtegaji wa wanyama wa manyoya, kama baba yake. Alizaliwa hemani mwezi wa Februari, na hakupata kuishi katika nyumba ya vyumba viwili mpaka alipooa. Alijua kuchonga viatu vya theluji, vile vipana vya kutembelea bila kuzama, kwa mti wa betula wenye gome jeupe, na kuvisuka kwa ngozi mbichi, na watu walitoka vijiji vitatu kuja kumwagiza. Kusoma alisoma kwa herufi zetu za Kikrii tu, katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Kiingereza alijua maneno kama kumi, mengi ya dukani. Mkewe alimfia mwaka 1972, akamwachia Alphonse, ambaye tayari alikuwa mume wangu, na Leona, msichana wa miaka kumi na mmoja. Hakuoa tena. Watu walipomuuliza sababu alisema jiko lake ni dogo.

Mambo yetu yalipita kwa Alphonse. Mzee akiwa na nyama, alimwambia mwanawe, "Mwambie mama wa nyumba ile aje na beseni." Nami nikimaliza kumfumia soksi, nilimpa Alphonse ampelekee, au niliziweka juu ya rundo lake la kuni, na kesho yake nikaziona miguuni mwake. Katika nyumba nyingi kazi hii hufanywa na wajukuu, lakini sisi hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo Alphonse alipofariki mwaka 2001, moyo wake uliposimama akiwa kazini mgodini, sisi wawili tuliobaki hatukuwa na mtu katikati.

Tulikuwa na mbwa. Aliitwa Kapiteni, mbwa wa kuvuta sleji juu ya theluji, mwenye sikio moja lililokatika. Mzee alitoka asubuhi, akasimama pale nilipoweza kumsikia, akamwambia mbwa, "Kapiteni, kuni za mama wa nyumba ile ni mbichi. Achukue kwangu." Nami nikamjibu mbwa, "Kapiteni, mwambie bwana wako kwamba nimepika mkate wa sufuria, uko dirishani." Siku nyingine alikuwa na maneno zaidi. "Kapiteni, redio imesema theluji inakuja. Wewe unalala nje, hujali. Wengine wana paa linalovuja." Nikajua kwamba atapanda kulitengeneza paa langu nikiwa kanisani. Alikuwa na karibu miaka themanini. Nikirudi nilikuta vipande vya mbao vimepigiliwa vizuri, na yeye ndani kwake, mlango umefungwa.

Ndivyo tulivyoishi. Jioni niliona moshi wake ukipanda, naye bila shaka aliuona wangu.

Sasa nitaje habari ya Leona, kwa sababu bila yeye maisha ya mzee hayaelezeki. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye sauti nzuri kanisani. Walimchukua shule ya bweni ya wamisionari kusini, akarudi ana miaka kumi na sita, haimbi tena. Alikwenda mjini, akarudi, akaenda. Kila aliporudi alilala kwa baba yake, akamfulia, akamkata nywele, kisha baada ya wiki mbili akaondoka na ndege ndogo ya posta. Mzee hakumzuia wala hakumuuliza. Mara ya mwisho kuonekana hapa ilikuwa kiangazi cha 1994. Mwaka 1996 mzee alipelekwa mjini kufanyiwa upasuaji wa macho, akakaa wiki moja katika nyumba ya wagonjwa, na alirudi akisema kwamba Leona alikuja kumwona kila siku. Zaidi ya hapo hakusema. Krismasi Leona hakupiga simu kwa jirani kama ilivyokuwa kawaida yake. Pasaka vilevile. Alphonse akatoa taarifa polisi.

Mwezi wa Juni 1997 walikuja polisi wawili kwa ndege ndogo, bila kutoa habari, wakitaka kuondoka kabla ukungu haujaingia. Alphonse alikuwa mgodini. Wafanyakazi wa kule walikaa wiki mbili kwa zamu. Walihitaji mtu wa kutafsiri. Philomène Custer alifika kabla hata hawajaomba. Philomène ni mtoto wa shangazi yake Mzee Moise, na kwetu hao huwa watani: wanaweza kuambiana lolote, la aibu na la matusi, na hakuna wa kukasirika. Ndiye pia aliyekuwa akitangaza katika redio yetu ya kijiji. Alisoma namba za bingo, ule mchezo wa kubahatisha, akatangaza nani amefiwa na nani amepotelewa na mashua, na mara nyingi aliongeza ya kwake.

"Nimesikia mna shida ya mkalimani," akasema mlangoni. "Mimi hapa. Moise ni mtani wangu."

"Asante, Philomène," nikamjibu. "Familia ina mtu wake."

"Wewe ni mkwewe."

"Mimi ni mwalimu mkuu."

Akanitazama, akacheka kidogo puani, akaenda zake. Nilikuwa na sababu yangu. Mambo ya nyumba yetu sikutaka yasikike kati ya namba za bingo.

Basi nikakaa kwenye kiti, nimeelekea ukutani, na mzee akakaa upande wa pili, ameelekea jiko. Polisi walikaa katikati na karatasi yao. Waliuliza binti yake alikuwa akifanya kazi gani. Nikauambia ukuta swali hilo kwa Kikrii. Mzee akaliambia jiko, "Sijui niseme vipi." Nami nikawaambia polisi kwamba alikuwa akifanya kazi hotelini. Haukuwa uongo mtupu. Mwaka 1989 aliwahi kufua mashuka katika hoteli moja kwa miezi minne. Wakauliza kama alikuwa mnywaji. Mzee akachukua kuni, akaitia jikoni. Nikasema, "Si sana." Wakauliza kuhusu wanaume. Hilo hata sikulitafsiri. Niliwaambia kwetu baba haulizwi jambo la namna hiyo, na hapo nilisema kweli. Wakauliza kama kuna lolote analotaka kuongeza. Mzee akagusa kope zake. Akasema, "Waambie macho yangu yamepona."

Waliandika mistari kumi na mmoja, wakaondoka. Hawakurudi.

Alphonse alipokuja nyumbani alimwendea baba yake, wakakaa mchana kutwa. Alirudi akasema hana jipya. Miaka minne baadaye naye akatutoka, na jambo la Leona likabaki pale lilipokuwa. Mzee aliacha kutega. Aliendelea kuchonga viatu vya theluji hata vya watu wasiomwagiza, akavitundika ukutani jozi kwa jozi. Jumapili baada ya misa alisimama peke yake kwenye makaburi mbele ya kaburi la mkewe. Upande wa kulia wa mkewe palikuwa na nafasi aliyoizungushia mawe mwenyewe. Kila mtu hapa alijua kwamba hiyo si yake. Yake ilikuwa kushoto.

Mwezi wa Oktoba 2006, barafu ikiwa imeanza kushika ukingoni mwa ziwa, alikuja Sajini Lorna Wiebe. Serikali ilikuwa imeunda kikosi cha kupitia upya mafaili ya wanawake waliopotea au kuuawa, hasa wale ambao zamani hakuna aliyejisumbua nao sana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, na hakuwa na haraka. Alikunywa chai nyumbani kwangu, vikombe viwili, ndipo akatoa karatasi ya mwaka 1997.

"Mama Sewap, ulitafsiri wewe?"

"Ndiyo."

"Baba mkwe wako ni mtegaji. Hakusoma."

"Hakusoma Kiingereza."

"Hapa anasema hivi: binti yangu alikuwa na tabia njema na mahusiano mazuri na familia yake yote." Akaiweka karatasi mezani. "Nimekuwa polisi miaka ishirini na mbili. Sijawahi kusikia baba anayemtafuta mtoto akisema hivyo. Haya ni maneno ya nani?"

Nikamwambia kwamba tafsiri nzuri hairudii neno kwa neno. Hakubishana. Alisema angependa tumwone mzee, na kwamba mzee ana miaka themanini na minne, na faili hili likifungwa tena halitafunguliwa katika uhai wake.

Tulimkuta ameketi, Kapiteni miguuni. Nikakaa nimeelekea ukuta uleule. Sajini akamuuliza kama kuna jambo asilolisema mara ya kwanza. Nikalitafsiri. Mzee akainama, akamkuna mbwa shingoni.

"Kapiteni," akasema, "mwambie huyu mama mgeni kwamba maneno yapo. Yapo tangu siku ile. Lakini mlangoni amekaa mtu, na mtu huyo siwezi kumwambia asogee."

Hayo sikuyatafsiri.

"Anaongea na nani?" sajini akauliza.

"Na mbwa."

"Anamwambia nini?"

Nilikuwa naweza kusema chochote. Katika kijiji kizima walikuwa wamebaki watu wawili waliojua lugha zote mbili vizuri na wenye umri wa kutosha kukaa katika shauri kama lile. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine muda ule alikuwa redioni akisoma matangazo ya mchana. Nilijua kwamba nikitoka pale, na yeye akaingia, jambo lolote litakalosemwa litakuwa nje ya mikono yangu.

"Anasema mimi nimeuziba mlango," nikamwambia. "Nitakutafutia mtu mwingine."

Philomène alikuja na koti lake la redioni, kalamu sikioni. Hakunikumbusha la zamani, japo alikuwa na haki. Alipita moja kwa moja ndani.

"Moise, bado hujafa? Tangazo lako nimeliandika mara mbili, nalichana."

"Nakusubiri utangulie wewe," nikamsikia mzee akisema, "nipate kusikiliza redio kwa amani siku moja."

"Huo uso wako nao. Polisi wamekuja kuchunguza nini, kama si wewe?"

"Ngoja nikuonyeshe meno yangu uogope. Nimebakiwa na mawili."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwanawe afe. Nilifunga mlango nikakaa nje kwenye rundo la kuni. Kulikuwa na upepo kutoka ziwani na sikuwa nimevaa glovu. Kwanza nilisikia utani. Kisha sauti ya mzee peke yake, ndefu, bila kukatizwa, kwa muda ambao nisingeweza kufikiri kwamba ana maneno mengi kiasi hicho. Sikutega sikio. Mara moja tu nilisikia Philomène akisema, "Polepole, ndugu yangu. Ameandika. Endelea." Yapata saa mbili zikapita.

Philomène alitoka wa kwanza. Alikaa kando yangu juu ya magogo, akawasha sigara.

"Mwalimu, kuna jambo utalikuta katika karatasi. Afadhali ulisikie kwangu."

"Sema."

"Leona alikuwa akitumia jina la mtu mwingine. Alimwambia baba yake wiki ile ya macho. Kule kwenye nyumba ya wagonjwa walimwita Noreen, mzee akashangaa. Alimwuliza kwa nini. Akasema jina la Sewap alikatazwa."

Nikaiingiza mikono yangu kwapani.

"Ulimkataza wewe?"

"Ndiyo," nikasema.

Nitaliandika hapa kama lilivyokuwa. Kiangazi cha 1994 gazeti la mjini lilichapisha orodha ya waliofikishwa mahakamani, na jina la Leona Sewap lilikuwamo, na kosa lake pembeni, la kusimama barabarani kuwaita wanaume. Gazeti lile lilifika chumba cha walimu. Leona alipokuja nilimweka jikoni kwangu nikamwambia, "Fanya utakavyo huko, lakini usifanye kwa jina hili. Kaka yako analo, mimi ninalo." Hakuwa amelewa. Alisema, "Sawa, wifi," akaosha kikombe chake, akakiweka mahali pake. Mume wangu sikumwambia.

"Alphonse alijua?" nikamuuliza Philomène.

"Moise hakumwambia. Alisema angemwambia nini? Kwamba mkewe ndiye? Nyumba ingevunjika, na wewe ulikuwa unamfumia soksi. Na mbele ya polisi ungelitamka wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mkweo akisikiliza. Akaona bora anyamaze." Akapuliza moshi. "Mjinga. Nimemwambia ni mjinga. Amekubali."

"Utalitangaza?"

"Redioni? Redioni nasoma bingo."

"Na nje ya redio?"

Alinitazama bila kuchukia. "Mwalimu, unanijua. Litatoka. Sitalibeba kwa mikono miwili, lakini litatoka."

Lilitoka. Jumapili ya pili mlango wa kanisa ulikuwa na wanawake watano, wakanyamaza nilipokaribia, wakanipisha. Miaka thelathini na moja niliwafundisha hao kusoma. Nilipita, nikakaa kwenye benchi langu.

Sajini Wiebe alifanya kazi haraka baada ya hapo. Ndani ya wiki tatu alipiga simu. Mwezi wa Novemba 1996 mwanamke aliokotwa shambani nje ya mji, ameuawa. Mfukoni alikuwa na kadi ya hospitali yenye jina la Noreen Desjarlais. Hakuna ndugu aliyejitokeza, kwa sababu ndugu wa Noreen hawakuwapo, na mji ukamzika sehemu ya makaburi yenye namba. Kifo chake kilichunguzwa kwa jina hilo, marafiki wa jina hilo wakatafutwa, na hapakuwa na mtu aliyekuwa na la kusema. Noreen mwenyewe alipatikana hai, pwani ya magharibi, akipika katika jiko la shule. Kadi alikuwa amempa rafiki yake alipohama. Hakujua kwamba ana kaburi.

Walichukua mate ya mzee kwa pamba ili kupima kama ni damu moja, majibu yakaja Februari kwamba ndiye. Leona aliletwa mwezi wa Machi, kwa lori, kupitia barabara ya barafu juu ya maziwa, siku tisa kabla haijafungwa. Philomène alitangaza redioni saa nne asubuhi. Alisema, "Leona Marie Sewap, binti wa Moise na marehemu Cécile, dada wa marehemu Alphonse, yuko njiani, amefika kwenye daraja la pili. Wanaume wenye sururu wakutane makaburini." Hakuongeza neno.

Ardhi ilikuwa imeganda, wakawasha moto juu yake siku mbili ili ilainike. Mzee alikaa kwenye kiti karibu na moto huo, blanketi mabegani, hakutaka kupelekwa ndani. Watu walileta supu na samaki wa kukaushwa, wakawa wanakula wamesimama. Nami nilipeleka mikate, wakaipokea.

Kulikuwa na msalaba wa mbao ambao mzee aliuchonga mwenyewe. Fundi wa shule alitaka kuuandika. Mzee akamwita Philomène, akasema kwa sauti ya kusikika kwa wote, "Mwambie mama wa nyumba ile ana mwandiko mzuri. Aandike yeye." Niliandika kwa rangi nyeusi, majina yote matatu. Baridi iliifanya rangi iwe nzito, ikanibidi kurudia kila herufi. Mzee alikuwa ameelekea upande mwingine, kama inavyotakiwa.

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Aligawa vile viatu vya theluji vya ukutani, jozi moja baada ya nyingine, mpaka ukuta ukabaki misumari. Nilimkuta asubuhi moja ya Mei, ameketi, jiko limezimika. Mbwa alikufa kiangazi hichohicho. Nyumba yake niliifunga kwa kufuli na huwa nafagia ngazi zake Jumamosi.

Aliyemuua Leona hajajulikana. Sajini Wiebe amekwisha kustaafu, faili analo kijana mpole ambaye hunipigia simu mara mbili kwa mwaka. Vuli iliyopita aliniambia amejitokeza shahidi, mzee wa mjini, anayemkumbuka mwanamke wa kaskazini aliyeogopa gari fulani la kijani. Akaniuliza maswali yaleyale ya zamani, kwa kuwa ni lazima yaulizwe.

"Alikuwa akinywa?"

"Ndiyo. Sana, miaka ya mwisho."

"Alikuwa akisimama barabarani?"

"Ndiyo."

"Aliwahi kukuambia kwamba kuna mtu anamwogopa?"

"Hapana. Nilikuwa nimemfanya asiwe na sababu ya kuniambia kitu."

Nilimsikia akiandika. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine katika familia anayeweza kumpigia, ambaye pengine Leona alimwambia zaidi.

Nikamwambia hayupo. Nimebaki mimi, na simu huwa naipokea saa yoyote.